Udongo wa jirani na viwanda: kuukagua, kuulima na kuwakinga watoto, kwa sisi wa Mwanza

Nyuma ya nyumba tuliyopanga Nyakato palikuwa na kipande cha ardhi, ukubwa wa mkeka wa kulalia, ambacho hakikuota hata ukoka. Nilikimwagia samadi, nikakipiga jembe, nikasia mchicha. Ulichomoza, ukanyauka. Mwaka wa pili masika yalinyesha kweli kweli, na kipande kile kikakubali: mchicha ulinenepa, majani mapana kama kiganja, nikajisifu. Aliyenitoa kwenye furaha hiyo ni bibi wa nyumba ya tatu. "Mwanangu," aliniambia, "hapo si ndipo yule fundi alipokuwa akimwaga maji ya betri?" Fundi alishahama zamani. Mwenye nyumba hakuwahi kulitaja.

Nilikuja kuelewa baadaye. Kilichokausha miche ni asidi, na asidi huoshwa na mvua. Risasi, ile metali ya vibati vya betri, iliyokuwamo ndani ya maji yale haikwenda popote. Haiozi, haiyeyuki na masika, haipotei kwa samadi. Mchicha wenyewe haujali sana. Unaweza kunawiri juu ya udongo wenye risasi na usikupe dalili yoyote. Kwa hiyo yule anayekwambia "udongo huu ni mzuri, tazama mboga zilivyostawi" hajakwambia kitu.

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeishi, anayelima au anayelea watoto karibu na viwanda, gereji, madampo na sehemu za skrepa kuanzia Nyakato hadi Igogo na Mkuyuni, na kwenye mialo yote ya kandokando ya ziwa. Unahusu metali nzito, au madini tembo kama wengine wanavyoyaita: risasi, kadimi, zebaki, kromi, arseniki. Nimeitazama risasi zaidi kuliko zote kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na milango yetu.

Kwanza: uliza kiwanja kilikuwa cha nani

Kabla ya maabara kuna wazee. Ukimuuliza mtu "hapa pana sumu?" utaambulia kicheko. Uliza hivi: Kabla yetu palikuwa na nini? Nani alikuwa na gereji? Takataka zilichomwa wapi? Mvua ikinyesha, maji yanashuka kutoka kwa nani? Mwenyekiti wa mtaa anajua kiasi, lakini mama aliyeuza maandazi kona ileile miaka ishirini anajua zaidi.

Unaposikiliza majibu, kamata kazi hizi.

Fundi betri ndiye wa kwanza. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, na zaidi ya asilimia 80 ya risasi inayotumika duniani inaishia kwenye betri. Mtu anayepasua betri uani, kumwaga maji yake na kuyeyusha vibati vyake kwenye sufuria ameacha risasi ya kutosha mtaa mzima. Hapa kwetu ongeza betri za sola na betri za taa za wavuvi wa dagaa. Karabai zimepungua ziwani, taa za betri zimechukua nafasi yake, na betri zikifa lazima zitupwe au ziuzwe mahali. Uliza pia kama kuna aliyekuwa akiyeyusha risasi kutengenezea vizamishio vya nyavu.

Wanaochoma nyaya ili wapate shaba, na wanaovunja redio na kompyuta mbovu, huacha risasi, kadimi na shaba kwenye majivu. Gereji za kupuliza rangi, na mahali ambapo rangi kuukuu ya magari au boti hukwanguliwa kwa msasa, huacha vumbi la rangi, na rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi. Kutengeneza ngozi ni kromi. Kuchovya vyuma ving'ae ni kromi, nikeli na zinki. Mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kijani huwa na shaba, kromi na arseniki, na ukizifanya kuni, majivu yake yanabaki na vyote vitatu. Barabara kongwe nazo zina kumbukumbu yake: petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, ila iliyotua pembeni mwa lami kabla ya hapo bado ipo.

Halafu kuna mteremko. Mwanza ni mji wa mawe na vilima. Udongo wa Mabatini na Bugarika haukai Mabatini na Bugarika. Mvua huusomba hadi mabondeni na kwenye mto Mirongo, na Mirongo huufikisha ziwani. Bustani nyingi nzuri za mboga za mji huu ziko mabondeni kwa sababu ndiko kwenye maji. Ndiko pia kunakotua kila kilichomwagwa juu. Unaweza kuwa hujawahi kuona betri shambani kwako na bado ukawa unailima.

Usidhani naongeza chumvi. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa risasi ya betri zilizochakatwa uswahilini kwao. Watu walikuwa wakichekecha mchanga ule wapate vipande vya risasi vya kuuza. Karibu zaidi na sisi ni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu, na kesi yao ikapata hukumu ya kwanza mwaka 2020.

Pili: jua inapoingilia

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaogopa mboga, tunasahau vumbi. Risasi hung'ang'ania udongo, hasa sentimita chache za juu kama ardhi haijalimwa, na mizizi ya mimea mingi huivuta kidogo tu. Inayotuingia kwa wingi ni ile ya kwenye vumbi: vidoleni mwa mtoto anayetambaa, kwenye kandambili za baba anayetoka kazini, kwenye mkeka, kwenye mboga iliyooshwa haraka haraka. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, na yeye ndiye anayekaa chini na kuweka kila kitu mdomoni. Risasi ikishaingia mwilini hukaa kwenye damu wiki kadhaa, kisha hujificha kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, ile ya mifupani huanza kurudi kwenye damu, na mtoto aliye tumboni hupata mgao wake.

Kadimi ina tabia nyingine. Hiyo mboga za majani huivuta kweli, na mchicha ni miongoni mwa zinazoivuta vizuri. Hurundikana kwenye figo pole pole, miaka kwa miaka.

Zipo njia tatu za kwetu ambazo sioni zikitajwa vya kutosha.

Moja ni pemba, ule udongo wa vijiti unaouzwa sokoni, ambao wajawazito huutafuna. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wajawazito wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita, na karibu nusu yao walikuwa wakila udongo. Udongo huo ulipopimwa ulikutwa na arseniki na kromi, pamoja na metali nyingine. Anayekula udongo hapitii kwenye vumbi wala mboga. Anaipeleka metali tumboni moja kwa moja, tena kwenye mimba. Sisemi tumcheke. Hamu hiyo mara nyingi huja na upungufu wa damu, kwa hiyo mpeleke kliniki akapimwe wekundu wa damu na apewe vidonge vya madini ya chuma. Kumnyang'anya pemba bila kumtibu damu ni kumfundisha kuificha.

Mbili ni vyakula tunavyoanika chini. Dagaa kwenye mchanga wa mwaloni, udaga na michembe kwenye mawe au pembeni ya lami. Jiwe safi la juu mlimani halina neno. Pembeni ya barabara ya malori, au mchanga wa mwalo ambako boti hukwanguliwa rangi na betri hutupwa, ni habari nyingine. Anika juu ya chanja au wavu ulioinuliwa. Dagaa wa kwenye chanja hana michanga, na sokoni anapata bei nzuri zaidi, kwa hiyo hapo afya na mfuko vinakubaliana. Ukinunua dagaa wa mchangani, waoshe kwa maji mengi mara tatu nne, mpaka chini ya beseni pasibaki mchanga.

Tatu ni sufuria za kuyeyushiwa mtaani kutokana na skrepa. Kipande cha injini au cha betri kikiingia kwenye tanuri, sufuria hiyo hutoa risasi kidogo kidogo kwenye chakula, hasa chenye ndimu, ukwaju au nyanya. Sio suala la udongo, najua, lakini kama unahangaika na uani huku jikoni kuna chungu cha namna hiyo, utafanya kazi nusu.

Tatu: ya kufanya leo, kabla ya kipimo chochote

Haya hayahitaji maabara wala ruhusa ya mwenye nyumba, na ndiyo yanayopunguza hatari zaidi ya yote yatakayofuata.

Usifagie kukavu. Nyunyiza maji kwanza, ndipo upitishe chelewa. Ndani tumia tambara bichi au dekio. Kufagia uwanja mkavu mwezi wa nane, upepo wa ziwa ukivuma, ni kuirusha risasi ya chini ifike usawa wa pua ya mtoto.

Viatu viachwe mlangoni. Fundi betri, mchomeleaji, mpuliza rangi na mfanyakazi wa skrepa wavue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake, si pamoja na nepi. Watoto wa mafundi hupata risasi bila kukanyaga gereji hata siku moja, baba huwaletea.

Mikono inawiwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula na kabla ya kulala. Kibuyu chirizi cha kidumu cha lita tano kinatosha. Beseni moja la kunawia watu saba halisaidii, kwani wa mwisho ananawa vumbi la sita waliomtangulia. Jeli ya kupaka mikononi huua vijidudu, haiondoi metali.

Funika udongo ulio wazi. Ukoka ni bora na hauuzwi. Chimba vipande popote unapouona, vipande uani, mwagilia wiki tatu. Pasipoota, kokoto. Wapangie watoto mahali pa kuchezea: turubai kuukuu na toroli mbili za mchanga safi, mbali na ukuta wa rangi inayobabuka.

Mtoto asicheze na njaa. Tumbo tupu hufyonza risasi zaidi. Uji asubuhi kabla ya kutoka, na katika mlo wa siku madini ya chuma na kalsiamu: maharage, dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa, mboga za majani zilizooshwa, na chungwa au embe la kuusaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Mwili uliojaa chuma na kalsiamu huipa risasi nafasi ndogo.

Na kuchemsha maji? Kunaua vijidudu tu. Metali hubaki, na maji yakipungua sufuriani metali inazidi kuwa nzito katika yaliyobaki. Dawa ya kutibu maji nayo vilevile. Kama kisima chako kiko bondeni chini ya viwanda, tumia ya bomba kunywa na kupikia mpaka kisima kipimwe.

Nne: kuchukua udongo wa kupima

Kipimo cha kawaida cha rutuba hakioneshi metali. Watu wengi wamerudi na karatasi ya naitrojeni, fosforasi na potashi wakadhani wamesafishwa. Unapokwenda maabara taja kwa jina: risasi, kadimi, kromi, arseniki, na zebaki kama kuna historia ya dhahabu. Omba na pH, kipimo cha uchachu wa udongo, utaihitaji.

Gawa eneo lako kwanza. Mahali pa watoto ni sampuli yake, bustani ni yake, na kile kipande unachokishuku kiwe peke yake. Ukichanganya kipande kibaya na bustani nzima, kibaya kitajificha ndani ya wastani.

Kwenye kila eneo tembea kama nyoka, zigizaga, uchukue vijiko kumi hadi kumi na tano sehemu mbalimbali. Pa watoto chukua sentimita 5 za juu tu, kwa sababu wao hawachimbi zaidi. Bustanini chukua kuanzia juu hadi sentimita 20, kina cha jembe. Toa majani na mawe. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, zinki yake itaingia kwenye majibu. Kutoka kwenye mchanganyiko huo chukua nusu kilo, ukaushe kivulini juu ya karatasi safi, weka kwenye mfuko mpya wa plastiki na uandike: tarehe, mahali, kina. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pili uitie ndani ya mfuko wa pili unaoufunika ule wa kwanza. Wino wa kalamu ukiloa, kazi yote imekwenda.

Kwa Kanda ya Ziwa, pa kuanzia kuuliza ni ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Mwanza, na maabara ya udongo ya TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru kule Misungwi. Piga simu kabla ya kubeba mifuko: uliza wanapima metali zipi wakati huo, wanataka sampuli kiasi gani, na gharama kwa kila metali. Majirani watano wakichanga, gharama inabebeka, na majibu ya uani tano yanakuonesha sumu inatoka upande gani kuliko majibu ya uani mmoja.

Tano: kuisoma karatasi

Vipimo huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya udongo. Ukiona "ppm", ni kitu kilekile. Udongo usioguswa na viwanda kwa kawaida huwa na risasi kati ya miligramu 10 na 50. Tanzania ina kanuni zake za ubora wa udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004; mwambie aliyekupimia akuoneshe majibu yako yanasimama wapi kwenye kanuni hizo. Kwa kulinganisha, Marekani kwa miaka mingi walitumia 400 kama alama ya hatari kwenye makazi, na Januari 2024 wakaishusha hadi 200. Namba hizi zimekuwa zikishuka kadiri utafiti unavyoongezeka.

Mimi hugawa hivi, kwa desturi ya wataalamu wa bustani. Chini ya 100, lima, ila nawa na osha. Kati ya 100 na 400, acha majani na mizizi, panda vya matunda, funika pa watoto. Zaidi ya 400, usiotesha chakula kwenye ardhi yenyewe na mtoto asiguse udongo huo. Kadimi ni ya kuogopewa kwa namba ndogo zaidi. Ikizidi 1 mchicha haufai hapo. Kromi ina sura mbili, moja ya kawaida na nyingine yenye sumu kali, na kipimo cha jumla hakizitenganishi, kwa hiyo jirani wa kiwanda cha ngozi aulize zaidi.

Sita: bustani

Jambo linalonifurahisha ni kwamba mara chache mtu hulazimika kuacha kulima. Hubadili anacholima na anapolimia.

Vya matunda ndivyo salama zaidi: nyanya, bamia, bilinganya, nyanya chungu, pilipili, maboga, maharage ya kuvunwa makavu, mahindi. Mmea hauifikishi risasi kirahisi hadi kwenye tunda. Majani ni ya kati na kuendelea, kwa kuvuta kadimi na kwa kubeba vumbi: mchicha, chainizi, sukuma wiki, matembele, mgagani. Mizizi ndiyo mibaya kwa risasi, kwa kuwa inalala ndani ya udongo wenyewe: karoti, viazi vitamu, mihogo. Kama huna namna, menya nene, na maganda usiyarudishe kwenye mboji.

Mboga za majani weka kwenye magunia. Bustani ya gunia tunaijua wote: kokoto katikati, udongo na samadi pembeni, matundu ubavuni. Tandika karatasi nene ya nailoni chini ya gunia ili mizizi isishuke. Ukipenda matuta ya kuinua, weka nailoni, kisha udongo safi sentimita 30, na usijengee kwa tairi wala mbao za kijani.

Udongo safi unatoka wapi? Swali hilo nimelikuta gumu kuliko yote. Ule mweusi mzuri unaoletwa na vijana wa toroli mara nyingi umechotwa bondeni, palepale maji ya mji mzima yanapotua. Muulize kijana alikoutoa, na asipojibu vizuri mwache aende. Afadhali udongo mwekundu wa kichuguu kutoka shamba la mbali, ukauchanganya na samadi ya ng'ombe wa mtu unayemjua. Majivu ya takataka au ya mbao za rangi yasiingie kabisa, hata kama bibi yako aliotesha nayo. Kuni za bibi hazikuwa na rangi.

Ardhi unayoendelea kuilima, itulize. Udongo mchachu huachia risasi na kadimi. pH ikipandishwa hadi 6.5 au 7 kwa chokaa ya kilimo, metali hizo hujifunga. Samadi na mboji iliyoiva nazo huzishika. Angalizo moja: arseniki ina tabia ya kinyume, chokaa na mbolea ya fosfeti vinaweza kuifungua. Ndiyo maana nikasema upime zote kwanza.

Maji ya kumwagilia yasitoke kwenye mfereji wa kiwanda au Mirongo. Palilia udongo ukiwa na unyevu. Mwaga nyasi kavu juu ya tuta ili matone ya mvua yasirushe tope kwenye majani. Ukivuna, tupa majani ya nje, osha mara tatu, maji ya mwanzo yakiwa na siki kidogo au ndimu. Kuosha huondoa vumbi la juu tu. Kilichoingia ndani ya jani kimeingia.

Mche wa kandokando ya barabara kubwa uwe angalau mita 30 kutoka kwenye lami, au uweke ua wa miti katikati.

Saba: mtoto na damu

Risasi haina dalili yake peke yake. Tumbo kuuma, choo kigumu, uchovu, hasira, kukosa hamu ya kula, damu kupungua, mtoto kushuka darasani: kila kimoja kina sababu kumi nyingine. Watoto wengi wenye risasi hawaonekani wagonjwa kabisa, na akili inaathirika hivyo hivyo. Mtoto akipata degedege, akilegea au akianza kupotewa na fahamu, hiyo ni dharura. Kimbia hospitali na umtajie daktari neno "risasi" na kazi inayofanyika nyumbani. Asipoambiwa, atatafuta malaria kwanza, na hatakuwa amekosea.

Kipimo sahihi ni damu ya mshipa. Kidole kilichochomwa bila kuoshwa vizuri kinaweza kuleta majibu ya vumbi la ngozi. Muone daktari wa watoto, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, akuelekeze sampuli inapimwa wapi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita moja ya damu, linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa risasi mwilini hupewa wenye kiwango kikubwa, kwa watoto kwa kawaida kuanzia 45, na hospitalini tu. Kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye uani uleule ni kujaza pipa lililotoboka.

Sasa maziwa. Viwandani na kwenye gereji imekuwa sheria isiyoandikwa: wachomeleaji na wapuliza rangi wapewe pakiti ya maziwa "yaoshe kifua". Maziwa ni chakula kizuri, yana kalsiamu, na tumbo lenye chakula hufyonza risasi kidogo. Hayaoshi kifua, hayatoi risasi, na bosi anayegawa maziwa badala ya barakoa ya vumbi na bomba la kunawia amejinunulia utulivu kwa bei rahisi. Ubuyu na majani ya kuchemsha ya "kusafisha damu" sina ugomvi nayo kama kinywaji. Poda za kienyeji zisizojulikana zilikotoka ziache. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na risasi ndani yake.

Kwa wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki

Kwa ufupi, maana jambo hili linahitaji mwongozo wake. Zebaki mbaya zaidi ni ile ya moshi. Usichomee jikoni, usichomee chumbani, wala kwenye kikaango ambacho kesho kitakaanga mayai. Choma kwenye kifaa kilichofungwa kinachorudisha zebaki, nje, mbali na nyumba. Unga wa karasha, mashine ya kusaga mawe, usiletwe nyumbani kwenye nguo. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, mawe ya dhahabu yalisagwa majumbani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi, na watoto zaidi ya 400 walikufa.

Nane: kumwambia nani

Uani wako utausafisha wewe. Mfereji wa kiwanda hutauweza peke yako. Andika barua kwa serikali ya mtaa, nakala kwa afisa afya wa kata, na upeleke nyingine ofisi ya NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) ya Kanda ya Ziwa. Weka tarehe, picha, rangi na harufu ya maji, saa yanapoachiliwa, na majibu ya maabara kama unayo. Barua yenye majina kumi na mawili ya wakazi husomwa tofauti na ya mtu mmoja mwenye hasira. Betri mbovu usizizike wala kumuuzia anayezipasua mtaani. Betri ni taka hatarishi, na wanaozikusanya na kuzisafirisha wanatakiwa wawe na kibali. Omba kukiona.

Udongo mbaya uliochimbwa usiumwage bondeni. Mimi sikuchimba. Nililowesha kile kipande, nikatandika nailoni nene, nikamwaga kokoto toroli nane na kusimamisha tangi la maji juu yake. Mwenye nyumba alinung'unika kidogo, kisha akaniuliza kama tangi litabaki nikihama. Magunia ya mchicha yako upande wa pili, kwenye jiwe, na bibi wa nyumba ya tatu huchuma bila kuuliza.